Mnada wa Njiti Tatu

Kabeya alikuwa na neno lake alilolipenda kuliko jina lake mwenyewe: mali ya wazembe. Kila nyumba iliyopigwa mnada na serikali pale Kolwezi aliiita hivyo. Mwenye nyumba amekufa, mali ya mzembe. Mwenye nyumba ni Mzungu aliyekimbia wakati wa vita na hakurudi, mali ya mzembe. Mwenye nyumba yupo, amelala anakohoa vumbi la mgodi, hajalipa kodi ya kiwanja miaka mitatu, basi huyo ndiye mzembe hasa. Aliyasema hayo huku akijichokoa meno, na mkewe Elise aliyasikia mara nyingi mno, hata akaweza kumalizia sentensi kichwani kabla mwenyewe hajaimaliza mdomoni.

Makaratasi ya serikali hayakumjua Elise. Huko aliitwa Mianda, kwa kuwa majina ya watakatifu yalikuwa yamepigwa marufuku katika Zaire yote, kana kwamba watakatifu ndio waliomaliza unga sokoni. Nyumbani na parokiani alibaki Elise. Mumewe naye alikuwa amepata kuwa mwalimu wa shule ya msingi, kisha muuza chumvi, na sasa alijiita mfanyabiashara wa majumba. Ukimuuliza aliyajenga wapi, anakuangalia kama umemtukana.

Mnada wenyewe Elise aliwahi kuuona mara moja, siku Kabeya aliposahau miwani na yeye akampelekea. Alidhani atakuta umati. Alikuta wanaume watano nyuma ya ofisi, kando ya mapipa ya takataka: mumewe, wanunuzi wenzake watatu, na huissier Kyungu, yule mtu wa mahakama ambaye kazi yake ni kufunga milango ya watu na kuiuza. Tangazo la mnada lilikuwa limebandikwa kwa Kifaransa nyuma ya mlango ambao hukaa wazi mchana kutwa, yaani ilikupasa uwe mjusi ili ulisome. Desturi ya mnada ilitaka mishumaa mitatu, mmoja baada ya mwingine, na anayetaja bei ya mwisho kabla wa tatu haujazimika ndiye anayeichukua nyumba. Kyungu alisema serikali haina mishumaa. Akatumia njiti za kiberiti.

Njiti ya kwanza, Kabeya akataja bei. Njiti ya pili, wenzake wakaangalia viatu vyao. Njiti ya tatu Kyungu akaipuliza mwenyewe, maana ilikuwa inakaribia kumchoma kidole. Nyumba ya vyumba vinne, walimozaliwa watoto na kulazwa maiti, iliuzwa kwa muda usiotosha mtu kupenga kamasi. Wiki iliyofuata mwingine alitaja bei, na Kabeya akaangalia viatu vyake. Hiyo ndiyo biashara waliyoiita akili.

Nyumba mbili Kabeya alikuwa amekwisha kuzipata kwa njia hiyo. Elise hakusema kitu. Alimdharau mumewe, ndiyo, alimdharau tangu ukucha hadi utosi, lakini dharau yake ilikula bukari, ugali ule ule wa mumewe, na kuvaa maliputa, vitenge vilivyonunuliwa kwa pesa ile ile. Hilo alilijua, na halikumpendeza hata kidogo.

Kwa mila za watu wao Kabeya alikuwa na ulimi mkali. Matanga, alisema, ni kupoteza siku za kazi. Kugawa mbuzi kwa wajomba ni ujinga wa kijijini Kasai. Mila moja tu aliishika kama shemasi anavyoshika kikapu cha sadaka, nayo ni buko, neno linalomtaja mama mkwe na mwiko wake pia. Kwa Baluba wa Kasai, ambao baba zao waliletwa Kolwezi kuchimba shaba, mkwe na mama mzaa mkewe hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala mkwe haingii nyumba anamolala mama huyo. Wakiwa na la kuambiana, humweka mtu wa tatu katikati, na mtu huyo huitwa mdomo. Neno lililopelekwa na mdomo mbele ya watu limekwisha kusemwa, na kitu alichopewa buko mbele ya watu amekwisha kupewa. Atakayekigeuza atatafutiwa faini ya mbuzi na ukoo mzima, na mikosi itamfuata bila kutumwa na mtu.

Kabeya aliipenda buko kwa sababu moja: ilikuwa rahisi. Mkono mtupu haulambwi, na kwa mama mkwe hauendi bila kitu. Asiyekwenda kabisa haleti kitu. Baba yake Elise, Tata Muamba, aliyekuwa dereva wa mashine kwenye machimbo ya Mashamba, alipofariki, mjane wake alipaswa kuiacha nyumba ya kampuni kule Kapata. Elise alimwomba mumewe wamchukue mama, hata kwa mwezi mmoja. Kabeya alishika kifua kama mtu aliyeona nyoka. "Buko alale mu nyumba yangu? Unatafutia batoto mikosi?" Siku hiyo mila za kijijini hazikuwa ujinga tena.

Bahati nzuri Tata Muamba alikuwa mtu wa kufikiri mbali. Zamani, wakati maduka ya wageni yalipokuwa yakinyang'anywa, Mreno mmoja mwenye duka, jina lake Pinto, alimuuzia nyumba yake ya mjini kabla ya kupanda ndege. Waliandikiana karatasi kwa mkono, wakapeana mikono, basi. Jina la Pinto likabaki kwenye vitabu vya serikali, na Muamba, aliyeweza kuendesha mashine kubwa kuliko kanisa, aliogopa ofisi kuliko radi. Mama Mbelu, mamake Elise, alihamia huko na masufuria yake, na sasa ilikuwa miaka miwili. Kabeya hakuwahi kufika. Alijua mama mkwe anakaa "mjini", kama mtu anavyojua kwamba Ulaya iko ng'ambo. Jumapili alimsindikiza mkewe hadi kwenye kituo cha mafuta, akampa paketi ya sukari mara moja moja, kisha akageuka upesi, buko asije akapita.

Jumanne moja alirudi nyumbani na chupa mbili za bia na uso unaong'aa.

"Leo nimeipata ile nzuri," alisema, akivua viatu. "Nyumba ya ule Mureno Pinto. Yee alirudia kwabo, hakuna mutu alilipa kodi. Mali ya bazembe."

Elise alikuwa ameshika mwiko. Aliendelea kuushika.

"Iko fasi gani?"

"Nyuma ya garage ya mabisi, lupango namba mia mbili na kumi na ine. Kyungu anasema iko na baraza ya sima nyekundu, inang'aa kama sahani."

Baraza ile Tata Muamba aliisugua kwa magoti yake mwenyewe, jumamosi sita mfululizo, na Elise ndiye aliyemletea maji.

"We mwenyewe uliiona?"

"Ya kuona nini? Nyumba ni nyumba. Mi nanunua makaratasi."

"Na ndani? Hakuna batu?"

"Kuko muzee mumoja, mwanamuke. Hana hata karatasi." Kabeya alifungua bia kwa meno. "Kyungu atamutosha inje jumamosi. Kiisha tunabomoa ukuta ya mbele, tunatia depo ya bia. Nimekwisha kupata mutu wa kuipanga."

Elise aligeukia moto wake. Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa kusema: mwanamke huyo ni mama yangu. Sentensi fupi, hata mtoto angeiweza. Lakini alimjua aliyeoana naye. Kabeya angekuna kichwa, angeguna, angesema masikini, kumbe. Kisha usiku angepata akili, na kesho yake angeeleza kwamba buko inakataza kumwona mama mkwe lakini haikatazi kumtuma huissier. Kwamba yeye mwenyewe hatakuwepo, kwa hiyo hatakuwa amefanya kitu. Kwamba mama ana kaka yake kule Tenke, na treni ipo. Angelala usingizi mzuri baada ya hapo. Elise aliona haya yote kama mtu anayesoma barua iliyokwisha kuandikwa. Akapakua chakula.

Asubuhi alikwenda kwa mama yake mbio mbio, kikapu kitupu. Mama Mbelu alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani, mwanamke mwembamba, mgongo ulionyooka, ambaye hakuwahi katika maisha yake kukaa kwenye kiti cha mtu mwingine bila kukaribishwa.

"Mama, hakukuya karatasi hapa? Ya serikali?"

"Zilikuya tatu." Mama akaenda ndani, akazitoa chini ya Biblia. Bahasha tatu, safi, hazijafunguliwa. "Haziko zangu. Kumeandikwa Pinto. Mi nitafungua barua ya mwenyewe juu ya nini? Siku atarudia, atakuta bitu yake."

Elise alizipasua pale pale. Ya kwanza ilimwambia Pinto alipe. Ya pili ilimwambia nyumba itakamatwa. Ya tatu ilimpa tarehe ya mnada. Serikali ilikuwa imemwandikia mtu aliyekaa Ulaya kwa anwani ya nyumba aliyoihama, na mama yake Elise alikuwa amemtunzia barua zake kwa uaminifu wote. Elise alikasirika hata na uaminifu huo. Dunia inaliwa na kina Kabeya, alifikiri, kwa sababu kina Mbelu hawafungui bahasha.

"Mama, hii nyumba wameiuzisha."

Mchi ulisimama. "Nani ameinunua?"

"Kabeya."

"Kabeya gani?"

"Wenu. Mukwe wenu. Hajui kama ni hapa."

Mama Mbelu alivuta liputa akajifunika kichwa na nusu ya uso, kana kwamba mkwe alikuwa tayari amesimama uani. Elise alingoja kilio, lakini mama yake alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ndio ulioumia kwanza.

"Atakuya mpaka hapa?" aliuliza. "Na mikono mitupu?"

"Atakuya jumamosi. Mi nitamuleta. Ninyi muite bamama ya parokia, bengi, na mukamate kuku. Kama kuko ya kusema, mi njo nitakuwa mudomo."

Mama alimtazama binti yake kupitia upenyo wa liputa. "Mudomo haisemaka uongo, Elise."

"Nyumba ni ya tata," alisema Elise. "Hiyo iko uongo?"

Mama alirudi kwenye kinu chake, na sombe ile ilitwangwa siku hiyo kuliko inavyostahili.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumtoa Kabeya nyumbani, na hiyo haikuwa ndogo. Siku za kutoa watu majumbani hakwenda kamwe. Alidai kelele humpandisha presha. Kyungu ndiye aliyekwenda na askari wake, vitanda vikatolewa, akina mama wakalia, na Kabeya akatokea baada ya siku tatu, barabara imekwisha kufagiliwa, kukagua milango. Elise alijua pa kumkuna. Akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Ku soko banacheka," alisema Ijumaa, akimpigia pasi shati.

"Banacheka nani?"

"Banakucheka weye. Banasema hizi nyumba ni za Kyungu. We uko unamubebea tu jina. Njo maana siku ya kushika funguo hawakuonake."

Kabeya aliacha kutafuna. "Nani anasema vile?"

"Batu." Elise aligeuza kola. "Mi nilibaambia bwana yangu ni mwenye mali. Banasema: mwenye mali anapokeaka funguo na mukono yake."

Hakuhitaji kuongeza neno. Usiku huo Kabeya alitoa abakosti yake ya kahawia, ile suti isiyo na kola iliyovaliwa na kila mwenye cheo na kila aliyetaka adhaniwe ana cheo, akaipiga brashi mwenyewe mabegani. Elise alimtazama akijipima mbele ya kioo, tumbo ndani, kidevu juu. Alimwonea kinyaa, na kidogo alijionea kinyaa yeye mwenyewe, kwa kuwa miaka kumi na moja alikuwa amempigia pasi mtu huyu.

Jumamosi saa tatu walifika. Kyungu alikuwa ametangulia na askari wawili na mtu wa pusupusu, mkokoteni wa kubebea vyombo. Alikuwa mtu wa kaskazini mwa jimbo la Shaba, mnene, mwenye mkoba wa ngozi uliojaa mihuri, na alipomwona mwenye mali mwenyewe amekuja aliinua nyusi. Ua ulikuwa umefagiliwa. Akina mama wa parokia walikuwa wamekaa kwenye mikeka pande zote mbili za njia, wamefunga vitambaa vyao vya Jumapili, wapatao kumi na watano.

"Bamama bote hawa bametoka wapi?" aliuliza Kabeya.

"Pengine kuko sala," alisema Elise.

Mmoja hakuwa ameitwa. Alisimama peke yake kando ya lango, mikono nyuma: Henriette, mke wa fundi mwashi Omer. Nyumba yao ndiyo iliyokuwa mali ya mzembe mwaka uliopita. Elise alimwona, akageuza macho haraka kwingine.

Kyungu alifungua karatasi, akasoma kwa Kifaransa, kwa sauti ya mtu anayelipwa kwa neno. Kisha akakunja karatasi na kuita kwa Kiswahili: "Mwenye kuwa ndani atoke, mwenye nyumba amekuya."

Kabeya alipanda ngazi ya kwanza ya baraza, kifua mbele, mkono wa kulia umenyooshwa tayari kwa funguo. Mlango ulifunguliwa. Mama Mbelu alitoka kinyumenyume, kama inavyopasa, kichwa kimefunikwa, akasimama akitazama ukuta. Hakuonyesha uso. Hakuhitaji. Mgongo ule Kabeya aliuona siku ya ndoa na siku ya matanga, mara zote mbili kwa mbali, na hata kipofu angeujua kwa jinsi ulivyonyooka.

Mkono wa funguo ulishuka. Kabeya aliruka nyuma toka kwenye ngazi, akageuka, akaficha uso kwa kiwiko cha abakosti yake, akabaki amesimama akiangalia pusupusu. Minong'ono ikapita mikekani. Askari mmoja, Mngala wa mbali, alitaka kucheka, lakini Kyungu alimkanyaga mguu. Watu wa kaskazini nao wana buko zao.

"Elise." Kabeya alisema kwa meno yaliyofungana. "Ulijua."

"Mi ni mudomo tu," alisema Elise, akasimama katikati ya migongo miwili, mmoja ukitazama ukuta na mwingine ukitazama barabara. "Sema, nitamufikishia."

Jasho lilikuwa likimtoka Kabeya chini ya nywele. Elise aligundua kwamba mumewe hakuwa akiigiza. Kumbe aliiogopa kweli. Mila aliyoitumia kama mwavuli wa bei rahisi alikuwa anaiamini hadi kwenye mifupa. Mtu mwingine pengine angemhurumia wakati huo. Elise hakusikia huruma yoyote, alisikia baridi tu na utulivu mkubwa.

"Mwambie," alinong'ona Kabeya, "ni kosa ya makaratasi. Mwambie asiogope. Akusanye bitu polepole, hata siku mbili, tutamulipia treni ya Tenke."

Elise alijaza pumzi, akaigeuzia sauti yake kwenye mgongo wa mama, na kwenye mikeka ya pande zote mbili.

"Mama, mukwe wenu anawasalimia. Anasema: nilisikia serikali inauzisha nyumba ya tata Muamba. Nikashikwa na haya. Nikasema, mi niko muzima, na buko yangu atalala inje? Nikaenda mu mnada, nikaikomboa. Leo nimekuya na huissier na bashahidi, juu ya kuitia mu mikono yenu. Nyumba ni yenu, mama."

Vigelegele vililipuka, vikapanda juu ya mabati. Mama mmoja alianza wimbo wa shukrani, wengine wakaudaka. Mtu wa pusupusu alivua kofia yake.

Kabeya aligeuza shingo, nusu. "Hapana, mi nili—"

"Ee," alisema mzee kuliko wote mikekani, mama wa zaidi ya miaka sabini, bila kupandisha sauti. "Mukwe anasema na buko? Mudomo iko hapa, na yee anasema mwenyewe?"

Wimbo ulikatika. Macho yote yalikuwa kwenye kinywa cha Kabeya, kilichokuwa wazi. Elise aliweza kumwona akihesabu. Akikataa, itambidi aseme mbele ya buko yake, kwa kinywa chake, mbele ya parokia nzima, kwamba amekuja kumtupa barabarani pamoja na masufuria. Kufika jioni habari itakuwa Kapata, wiki ijayo itakuwa Kasai kwa wajomba. Binti zake wawili hawataposwa na mtu yeyote anayejiheshimu. Na hiyo mikosi, ambayo mchana aliicheka na usiku aliiota. Alihesabu kwa muda mrefu, maana hesabu ya aina hiyo, isiyo na njiti, hakuwa ameizoea.

"Nitaandika nini?" aliuliza Kyungu kwa upole, kalamu mkononi. "Niandike mununuzi anapatia nyumba kwa Mama Mbelu, mujane ya Muamba, mbele ya bashahidi? Bwana Kabeya? Utikise kichwa tu. Kichwa haiko kinywa."

Kabeya alitikisa kichwa.

Aliitia sahihi karatasi ile juu ya mgongo wa askari, bila kugeuka. Kyungu aliipiga mihuri miwili, akasema kwamba zawadi nayo ina ushuru wake na atapita Jumatatu kuuchukua kwa mwenye kutoa. Hata siku ya kutubu mtu, serikali haikosi kidole chake sahanini.

Mama Mbelu alipokea karatasi kwa mikono miwili kupitia kwa binti yake. Akainong'onezea liputa yake maneno machache, na Elise akayatoa kwa sauti: "Mama anasema aksanti. Anasema mukwe mwenye kujenga buko haondoke na mikono mitupu." Akaletwa kuku, jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa uzi. Zawadi ya buko haikataliwi. Kabeya alimpokea, akamkumbatia kwenye abakosti, akatoka langoni hivyo, akitembea upesi, na jogoo akimpigapiga mbawa kifuani. Watoto wa mtaa walimfuata hadi kwenye garage ya mabasi.

Elise alikaa kwenye ngazi ya baraza, sima nyekundu ikimpoza miguu. Alijua jioni itakuwaje. Kabeya atapiga kelele, pengine atapiga na kingine. Atasema atamrudisha kwao. Basi amrudishe: ana kwao sasa, na karatasi yake ina mihuri miwili. Na kama anataka mahari yake, itabidi ayadai kwa mama mkwe, na kwa hilo atahitaji mdomo, na Kolwezi nzima hakuna atakayekubali kuwa mdomo wake baada ya leo. Alicheka peke yake. Nyuma yake wanawake walikuwa wakigawana sombe, na mama yake, uso wazi tena, akiwaambia nani akae wapi. Elise alijiona mrefu siku hiyo. Aliwadharau wote kwa pamoja, Kabeya na viatu vya wenzake, Kyungu na mihuri yake, na dharau ile ilikuwa tamu mdomoni kama muwa.

Henriette alikuwa bado langoni. Wengine walipoingia ndani, alikuja hadi kwenye ngazi, polepole, akasimama mbele ya Elise. Elise alimsogezea nafasi akae. Hakukaa.

"Siku banatupa kitanda yetu inje," alisema Henriette, "ulipita. Ulikuwa na kikapo ya nyanya. Ulituangalia, kiisha ukaenda."

"Mama Henriette," alianza Elise.

"Mi sikukasirika na weye. Nilimuambia Omer: umwache, ule mwanamuke hana mudomo mu nyumba yake." Alimtazama Elise usoni, bila hasira, kama mtu anayesahihisha kosa lake mwenyewe. "Kumbe ulikuwa nayo."

Elise, aliyekuwa amesema kwa niaba ya watu wawili asubuhi yote, alitafuta neno moja lake mwenyewe, na hakulipata.